Tyubu Tupu ya Bweremana

Wiki sita zimepita tangu nirudishe funguo za maabara, na kidole gumba cha mkono wangu wa kulia bado kinabonyea chenyewe. Mke wangu alikiona juzi nikinywa chai, akaniuliza kama nahesabu dhambi zangu. Nikamwambia napima maji. Mtu aliyebonyeza pipeti miaka yote hiyo hawezi kukiambia kidole kwamba kazi imekwisha.

Ninyi mnaobaki pale Bweremana mliniomba niandike nilivyojifunza kazi. Mishahara na vyeo siandiki, kwa sababu vilikuwa vidogo na vilichelewa. Nitaandika habari za vyombo, za watu walionifundisha, na za kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusu. Afadhali mlisikie lote kutoka kwangu.

Nilimaliza sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, huko kwetu kwenye milima ya Masisi. Sikusoma zaidi. Kazi ya kwanza niliipata katika kituo cha afya upande wa Walikale, ng'ambo ya Kashebere, ambako barabara ilikuwa ya kweli wakati wa kiangazi tu. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, na mkubwa wake alikuwa Papa Mateso, mtu mfupi aliyevaa koti jeupe lililokwisha kuwa la kijivu kwa kufuliwa.

Siku ya kwanza alinipa karatasi ya kuchujia na makasi.

"Kata mara ine," akasema.

"Papa, karatasi moja si ya muntu moja?"

"Kule Kinshasa njo ya muntu moja. Huku iko ya bantu bane. Kata."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Papa Mateso alinifundisha kupaka tone la damu kwenye kioo, kulikausha, kulitia rangi na kutafuta malaria kwa subira. Zaidi ya yote alinifundisha kuokoa, kutopoteza hata tone. Rangi ilifika mgongoni mwa watu, siku nne kwa miguu, na chupa ikivunjika njiani wagonjwa wa miezi miwili walipimwa kwa macho ya muuguzi peke yake. Kwa hiyo vioo tulivichemsha tukavitumia tena. Kuhakikisha kama rangi bado ni nzuri, kazi ambayo kitabu kilisema tuifanye kila asubuhi, tuliifanya siku ya Jumatatu tu, na siku nyingine tuliandika matokeo yale yale ya Jumatatu. Papa Mateso aliniambia hivyo mchana kweupe, bila aibu, na alikuwa na haki. Siku moja waliletwa wachimbaji saba kutoka mgodi wa Bisie, wamebebwa kwenye machela za miti, wote na homa. Chupa ilikuwa na rangi ya vioo saba tu. Kama tungekuwa tumeitumia vizuri kila asubuhi, wa saba angekosa. Alikuwa na malaria kali, akapona, na miaka kadhaa alikuwa akituletea ndizi.

Nawaeleza haya mapema ili mjue kosa langu lilizaliwa wapi. Lilizaliwa kwenye jambo jema.

Papa Mateso alipofariki nilibaki peke yangu pale, halafu vita vikafunga kituo. Nikashuka na familia hadi Bweremana, kando ya ziwa, nikauza samaki wadogo waliokaushwa, nikafuga sungura. Nilikuwa mfugaji mzuri kuliko mwuza samaki. Sungura hao ndio walionirudisha kwenye maabara.

Dokta Kavira, aliyefungua maabara pale Bweremana, alikuwa ametoka Butembo, binti wa mfanyabiashara wa misumari na mabati. Alikuwa amesoma mbali, akarudi na kazi ambayo baba yake hakuweza kuwaeleza majirani. Alitafuta swichi. Si ya taa: swichi ya kuwekwa ndani ya chembe ya mwili, iliyotengenezwa kwa vipande vya vinasaba, ambayo ingezuia chembe isitengeneze protini fulani mpaka mgonjwa apewe dawa ndogo ya kuifungua. Ukiacha dawa, swichi inajifunga. Alisema siku moja mtu angeweza kutibiwa kwa chembe zake mwenyewe, na daktari angebaki na mkono kwenye swichi.

Tatizo lilikuwa kuvijaribu vipande hivyo. Kwa kawaida unavitia ndani ya chembe hai za mnyama, na chembe hai ni kama watoto wachanga: zinataka joto lao, hewa yao na chakula chao usiku na mchana. Dokta Kavira alizileta mara tatu. Mara ya kwanza jenereta ilikosa mafuta. Mara ya pili barabara ya Goma ilifungwa na chakula chao kikakwama. Mara ya tatu zilikufa tena; mimi nilikuwa bado sijaajiriwa, lakini mlinzi wa maabara, Papa Deo, aliniambia Dokta alikaa juu ya ngazi asubuhi nzima na viatu mkononi.

Ndipo akaamua kuziacha chembe hai. Alinieleza siku aliyokuja kwangu kununua sungura.

"Papa Bauma, nyumba ikianguka, jiko bado linaweza kuivisha ugali?"

"Kama jiko lenyewe halijaanguka, Dokta, na kuni ziko."

"Basi mi nataka jiko bila nyumba. Napasua chembe, ninatupa ukuta, ninabakia na maji ya ndani. Yale maji iko na kila kitu ya kutengeneza protini. Nikiyawekea kipande changu na kuni kidogo, yatapika. Na hayawezi kufa, sababu hayako hai."

Maji hayo yalipatikana kwenye damu ya sungura. Ukimpa sungura sindano ya kumpunguzia damu, mwili wake unaharakisha kutoa chembe nyekundu ambazo hazijakomaa, na hizo changa zimejaa majiko. Unachukua damu, unaziosha chembe, unazipasua kwa maji baridi, unazungusha kwenye mashine mpaka uchafu ukae chini, na ule urojo mwekundu wa juu unaugandisha. Friza iliyojaa, usipoifungua, inatunza baridi hata umeme ukikosekana siku nzima. Chembe hai hazikuweza kutusubiri hivyo.

Aliponiuliza kama nilikuwa na kazi, nilimwambia nimewahi kuishika darubini. Akaniajiri siku hiyo hiyo, mimi na sungura kumi na wawili.

Nyama yao haikuliwa, kwa sababu ya ile sindano. Tuliizika. Katika Bweremana mtu anayezika nyama anatazamwa kama mtu anayeanika pesa. Papa Deo alisimama na jembe lake, hakuamini.

"Muzee, munazika nyama? Nyama? Kweli?"

"Iko na dawa, Deo."

"Hata bia iko na dawa, na tunakunywa."

"Chimba."

"Ninachimba. Lakini Mungu anatuona, mi najitoa."

Alichimba mara zote, na mara zote alijitoa. Mimi sikucheka sana. Sungura wale niliwajua kwa majina. Kila nilipompeleka mmoja nilihesabu: damu yake itatoa tyubu ngapi? Na nikaanza, bila mtu kuniambia, kuokoa.

Niwaeleze kazi ya mchana ilivyokuwa, kwa ajili ya wale watakaokuja nyuma yenu. Kila kipande cha Dokta kilikuwa kimeunganishwa na maandishi ya protini ya kimulimuli, yule mdudu anayewaka majanini. Swichi ikifunguka, majiko yanatengeneza protini ya kimulimuli, na ukiongeza chakula chake tyubu inatoa mwanga. Mwanga wenyewe ni mdogo, jicho haliuoni, lakini mashine inauhesabu. Tone la urojo, tone la kuni (ndivyo tulivyoita mchanganyiko wa kuyapa majiko nguvu), maji safi, tone la kipande. Saa moja na nusu kwenye maji ya vuguvugu. Jibu kabla ya jua kuzama. Kazi ambayo kwa chembe hai ingekula wiki tatu, tuliimaliza kati ya chai na chakula cha jioni.

Kila swichi ilipata tyubu mbili: moja bila dawa, ambayo inatakiwa kuwa giza, na moja yenye dawa, ambayo inatakiwa kuwaka. Pembeni kulikuwa na tyubu ya taa, yenye kimulimuli kisicho na swichi, inayowaka siku zote, ili tujue urojo ni mzima. Na mwisho tyubu tupu: urojo, kuni, maji, na hakuna kipande chochote ndani. Tyubu tupu inatakiwa kuwa giza kabisa. Ikiwaka, kuna kitu kimeingia mahali kisipotakiwa, na kazi ya siku hiyo yote ni ya kutupa.

Kwa miezi mingi tyubu tupu ilikuwa giza. Kila siku giza. Nikaanza kuiona kama ile karatasi ya kuchujia ya Papa Mateso. Tone la damu ya sungura kwa ajili ya kuthibitisha kwamba hakuna kitu? Nikaanza kuiweka siku ya Jumatatu tu. Siku nyingine niliandika kwenye kaye, daftari letu la matokeo, namba ya Jumatatu, nikiibadilisha kidogo ili ifanane na namba iliyopimwa. Hapo ndipo nilipomzidi mwalimu wangu kwa ubaya. Papa Mateso aliandika matokeo ya Jumatatu na kila mtu alijua ni ya Jumatatu. Mimi nilibadilisha. Baadaye hata Jumatatu niliiacha.

Wakati huo Dokta alikuwa amebakiwa na swichi sita, na tumaini lake lote lilikuwa kwenye namba kumi na saba. Kulikuwa na wenzake katika nchi nyingine wenye chembe hai na umeme usiokatika. Walikubali kumjaribia swichi moja, moja tu, na alitakiwa kuwaambia ipi kabla ya mwisho wa mwezi. Bila jibu hilo kazi yake isingekuwa na mbele. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba duka linahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti.

Kumi na saba iliwaka ilipopewa dawa. Lakini iliwaka pia bila dawa. Tukarudia: vilevile. Tukajaribu zile nyingine tano: zote zilivuja mwanga. Dokta alitazama karatasi ya mashine, akatazama kaye yangu.

"Tyubu tupu iko giza?"

"Iko giza, Dokta."

Nilisema hivyo. Sikuwa nimeiweka kwa wiki tatu.

"Basi njo swichi zangu zenyewe," akasema polepole. "Zote zinavuja." Akavua glavu, akazikunja vizuri moja ndani ya nyingine, akatoka.

Siku ya Jumatatu aliniambia nisafishe friza, kwa sababu anafikiri kwenda nyumbani. Ulibaki urojo wa tyubu tatu, wa sungura mmoja mweupe tuliyemwita Mama Sukari. Nilikuwa nautupa. Halafu nikaona haya kuutupa, na kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya nao, nikaweka tyubu tupu.

Iliwaka.

Niliipima tena. Nikabadilisha maji, nikafungua chupa mpya, nikaweka ya pili: giza. Nikarudia na maji ya chupa ya zamani: mwanga. Nikakaa kwenye kiti cha Dokta. Ilikuwa chupa ya maji. Nilikuwa naokoa pia ncha za pipeti, zinazotakiwa kutupwa baada ya tone moja, na siku fulani nilitumbukiza kwenye maji ncha iliyotoka kwenye tyubu ya taa. Tone lisiloonekana. Tangu siku hiyo kila tyubu niliyoitengeneza ilikuwa na kimulimuli changu ndani. Swichi za Dokta hazikuvuja. Mimi ndiye niliyevuja.

Sasa nafika pale panapoumiza. Sikumwambia Jumatatu. Nilijiambia nitahakikisha kwanza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuhakikisha. Sikumwambia Jumanne. Nilimwona anaandika kwenye kompyuta, nikamletea chai, akasema "aksanti Papa," nikarudi kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Pale Bweremana niliitwa mzee asiyekosea. Papa Deo mwenyewe aliwaambia wageni: "Yule muzee, mukono yake iko kama mashine." Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu tu kabla ya kustaafu. Nilifikiri, labda watu hawatajua.

Jumatano asubuhi nilimkuta anafunga vitabu kwenye boksi la sabuni.

"Dokta, usifunge kwanza."

"Juu ya nini?"

"Maji yalikuwa na kimulimuli. Mi njo niliyachafua. Swichi zako hazivuji, ao sijui, lakini hatukuwahi kuzipima."

Alisimama na kitabu mkononi. "Lakini tyubu tupu ilikuwa giza. Uliandika."

"Niliandika. Sikuiweka."

Nikamweleza yote, sungura, ncha, Jumatatu, namba nilizobadilisha. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu bila hata ya Jumatatu, Dokta."

"Hapana za kuandika uongo. Siku ngapi tangu ujue?"

"Mbili."

Akaweka kitabu chini. "Papa Bauma, nimewaandikia jana jioni. Nimewaambia hakuna swichi. Wamejibu usiku: nafasi yangu wamempa mwingine."

Nilitaka kusema pole. Lakini neno hilo lingekuwa dogo sana.

"Zile wiki tatu," akasema, "najua zinatoka wapi. Ni kuokoa. Mi nilikulia duka, najua kuokoa. Zile naweza kukusamehe leo. Lakini zile siku mbili, Papa, unipe muda."

"Unifukuze, Dokta. Iko haki."

"Na nani atanilishia sungura? Deo? Atawakula." Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini ni yeye aliyesema hivyo. Halafu akafungua kaye yangu, akanipa biki. "Andika. Kila siku ambayo hukuiweka, kata namba na uandike pembeni: haikupimwa. Na chini uandike siku uliyojua, na siku uliyosema. Kwa mukono yako."

Niliandika. Ilichukua asubuhi nzima. Ukurasa huo bado upo, na ninawaomba msiuchane.

Tulianza upya. Chupa mpya ya maji kila siku, imegawanywa katika tyubu ndogo ndogo, inayobaki inamwagwa jioni. Ncha moja, tone moja, inatupwa. Tyubu tupu mbili badala ya moja, ya kwanza na ya mwisho kwenye safu. Ilibidi kuchukua damu ya sungura zaidi, na Papa Deo alichimba zaidi na kujitoa zaidi. Tulipofika kumi na saba, Dokta aliweka mkono wake chini ya wangu nilipotia tone. Bila dawa: giza, karibu sawa na tyubu tupu. Yenye dawa: mashine ilihesabu hadi nikadhani imeharibika. Zile nyingine tano, nne zilivuja kweli, na moja haikufunguka kamwe. Ni kumi na saba tu iliyokuwa nzuri, na ndiyo niliyokaribia kuizika pamoja na nyama.

Wenzake walisema angoje foleni. Foleni ilikuwa mwaka mzima na zaidi. Kwa muda wote huo alinisalimu vizuri, alikula chakula cha mke wangu, aliniuliza habari za mgongo. Lakini kila nilipomwambia tyubu tupu iko giza, alisimama, akaja kuisoma mwenyewe kwenye mashine. Nilijua anasoma nini.

Niliwafundisha ninyi kazi hiyo wakati huo, na kama niliwachosha kwa maneno juu ya maji na ncha, sasa mnajua sababu. Kuokoa ni kuzuri. Okoeni karatasi, okoeni mafuta, okoeni chumvi. Kile kinachokuambia kwamba umekosea, usikiokoe. Nilipewa kazi, nikapewa mwalimu aliyenifundisha kukata karatasi mara nne, na nikapewa mkubwa aliyeniacha nimalize miaka yangu nikiwa nimesimama. Si wengi wanaopewa hivyo baada ya kufanya nililofanya.

Wiki yangu ya mwisho jibu lilifika. Kumi na saba imeingia kwenye chembe hai. Inajifunga bila dawa. Ikipewa dawa inafunguka, ingawa kwa nguvu nusu tu ya ile tuliyoiona kwenye tyubu zetu, kwa sababu nyumba ina kuta na jiko la peke yake halina. Dokta alisoma barua amesimama, akaisoma amekaa, akampigia baba yake Butembo, nikamsikia akipaza sauti: "Papa, uza kile kiti!"

Siku ya kuondoka mlikuwepo, mlileta fanta na keki. Hamkuona kilichotangulia, kwa maana kilikuwa asubuhi, tulipokuwa wawili. Dokta aliniomba niweke safu ya mwisho. Niliweka swichi mpya, tyubu ya taa, tyubu tupu mbili. Saa moja na nusu tulikaa tukizungumza juu ya sungura. Halafu nikapeleka tyubu tupu ya kwanza kwenye mashine.

"Iko giza, Dokta," nikasema, nikasogea pembeni ili apite kuja kusoma.

Hakuinuka. Alikuwa ameshika kikombe chake, anatazama ziwa dirishani.

"Sawa, Papa," akasema. "Andika."